Bega la Jarell

Jumatatu baada ya Mamba, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Belle Pointe, kupigwa kwa mara ya nne mfululizo, Marceline Guidry alifungua dirisha lake pale posta akiwa ameshajiandaa kusikiliza upuuzi. Hakukosea. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee Cleophus Batiste, kinyozi mstaafu, ambaye hakuwa na barua, hakuwa na kifurushi, wala hakuhitaji stempu.

"Bi Marceline," alisema, akiegemeza viwiko vyote viwili kwenye kaunta, "mwambie Kocha aache kurusha mpira. Wakimbie nao. Wakimbie tu! Mimi nimeangalia mpira mji huu tangu mumeo hajazaliwa."

"Unatuma nini, Mzee Cleophus?"

"Natuma ujumbe."

"Ujumbe hauna stempu. Anayefuata!"

Aliyefuata ni Dada Earline Prejean wa kwaya, mwenye kifurushi cha mjukuu wake aliyeko Houston. Huyo hakuwa mtu wa kuropoka. Alisubiri kifurushi kiwekwe kwenye mizani, akavuta pumzi ndefu, akasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa pole ya msiba, "Tunawaombea, dada yangu. Hasa mtoto. Maana, unisamehe, ile ya Jumamosi haikuwa kurusha mpira. Ilikuwa kumwaga maji ya vyombo nje."

Marceline alibandika stempu, akaigonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ndivyo msimu ulivyokuwa ukienda. Mumewe, Hosea, ndiye kocha mkuu. Mwanawe wa pekee, Jarell, yuko mwaka wa mwisho chuoni na ndiye mrushaji, yule ambaye kila mpira wa timu lazima upite mikononi mwake kwanza. Timu ikishinda, mji mzima ulimfuata Hosea uwanjani kumpiga mabega. Timu ikishindwa, mji mzima ulikumbuka kwamba una shida posta.

*

Jumatatu ni siku ya maharage mekundu na wali, msimu uwe mzuri, uwe mbaya. Walikaa watatu mezani. Hosea na Jarell walikuwa hawasemeshani tangu Jumamosi, pale mpira wa tatu ulipodakwa na wapinzani na Hosea akapiga kelele zilizosikika hadi kwenye bendi: "Umekuja kucheza, au umekuja kutembea?"

"Marceline," alisema Hosea, macho yake kwenye sahani, "mwambie mwanao kesho mazoezi ni saa kumi na moja alfajiri."

"Mama, mwambie Kocha nimesikia."

Marceline aliweka uma chini. "Amesema amesikia. Na mimi nimesikia. Hata mbwa wa jirani, wa kina Landry, amesikia. Sasa nipeni mkate, kama kuna mmoja wenu bado ana ruhusa ya kunipa mkate."

Jarell alimsogezea mkate. Lililomkera zaidi halikuwa ukimya. Ni lile neno Kocha. Uwanjani sawa, ndivyo walivyokubaliana tangu mtoto ajiunge na timu. Lakini huyu alikuwa anamwita baba yake Kocha juu ya maharage ya mama yake, na huyo baba naye anaitika kwa kutingisha kichwa, kama vile amepigiwa saluti.

Chupa ya pilipili ilikuwa karibu na mkono wa kulia wa Jarell. Aliichukua kwa mkono wa kushoto, akijipinda kiuno kizima ili aifikie. Marceline aliona, akadhani ni uchovu.

*

Jumatano alirudi nyumbani mapumziko ya mchana kuchukua miwani aliyoisahau. Alimsikia mtu anahema bafuni, anahema na kugonga ukuta kama ng'ombe aliyekwama. Alisukuma mlango.

Jarell alikuwa amesimama katikati ya bafu, fulana imemfunika uso, mkono mmoja umetoka, mwingine umenasa ndani. Lile jitu lote, mtu ambaye wanaume wawili wazima hushindwa kumwangusha, limeshindwa na fulana.

"Mama, usiingie!"

"Nimeshaingia. Na nilikuogesha miaka yote, kwa hiyo tulia."

Alishika fulana, akaivuta. Jarell alitoa mlio ambao Marceline hakuwahi kuusikia tangu siku alipovunjika kidole akiwa darasa la kwanza. Aliiacha. Alichukua mkasi kabatini, akaikata fulana kuanzia shingoni hadi chini, ikadondoka sakafuni. Bega la kulia lilikuwa limevimba, na chini yake pana rangi ya njano na kijani kama tunda lililooza upande mmoja.

"Tangu lini?"

"Si kitu, Mama."

"Sikukuuliza kama ni kitu. Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu mechi ya pili."

Marceline alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Mechi ya pili ilikuwa kabla hata joto la Septemba halijapungua. "Baba yako anajua?"

"Hapana. Na usimwambie, tafadhali."

"Na Neomi?" Neomi Fontenot ndiye mtaalamu wa tiba wa timu, msichana mpole ambaye kazi yake yote ni mabega na magoti ya vijana wa watu.

"Neomi ndiye asijue kabisa! Akijua tu, nimekwisha, ananitoa siku hiyo hiyo." Jarell alipiga magoti mbele yake ili macho yao yalingane, jambo ambalo alikuwa akilifanya tangu alipomzidi urefu, kila alipotaka kitu. "Mama, sikiliza. Msimu ukiisha hivi watamfukuza Baba. Unajua, na mimi najua. Nani mwingine atarusha? Toussaint wa mwaka wa kwanza? Yule anatapika kabla ya mazoezi, Mama. Mazoezi, siyo mechi!"

"Basi mwambie baba yako hayo."

"Nimwambie nini? Ameshaniambia mbele ya uwanja mzima kwamba nimekuja kutembea. Nikisema naumwa sasa hivi, atasema natafuta kisingizio."

Marceline alijua hapo ndipo aliposhindwa. Alitakiwa kusema hapana, tena kwa sauti, tena akiwa anaelekea kwenye simu. Badala yake alimtazama yule mtoto aliyepiga magoti, akaona kwamba tangu Septemba alikuwa akibeba kazi ya baba yake kwenye bega bovu, na baba yake anamtukana kwa kuibeba vibaya.

"Nipe Jumamosi hii tu," alisema Jarell.

Akampa.

*

Jumamosi hiyo ilikuwa ile ambayo wahitimu wa zamani hurudi. Moshi wa nyama ulitanda kuanzia kanisani hadi langoni mwa uwanja, na wazee waliovaa majaketi yasiyofungika tena walikumbatiana kwenye maegesho. Marceline alikaa mahali pake pa kila siku, safu ya kina mama wa wachezaji, na nyuma yake akakaa Dada Earline na wenzake wawili wa kwaya.

Robo tatu za mchezo zilikuwa mateso. Kila Jarell aliporusha, mpira ulikwenda chini, au ulikwenda pembeni, au haukwenda popote.

"Mtoeni huyo!" alipiga kelele mwanaume mmoja safu za juu. "Kocha, hii ni timu, siyo urithi!"

Watu wakacheka. Dada Earline naye alicheka, kisha akamgusa Marceline begani. "Usimsikilize, dada yangu. Ni bia hiyo."

Halafu, mwishoni kabisa, Mamba wakiwa nyuma kwa pointi chache, Jarell akaacha kurusha. Alijifanya anarusha, akaukumbatia mpira kwa mkono wa kushoto, akakimbia mwenyewe. Mtu wa kwanza alimkosa, wa pili akaning'inia kiunoni, wa tatu akamgonga upande wa kulia, na wote watatu wakaanguka pamoja ng'ambo ya mstari wa mwisho.

Mamba walikuwa wameshinda, na uwanja ulipasuka kwa shangwe. Bendi ilianza wimbo kabla ya wapiga tarumbeta kusimama. Dada Earline alimvuta Marceline, akambusu mashavu yote mawili. "Nilisema mimi! Nilisema mtoto huyu ana damu ya mpira!"

Marceline hakumsikia. Jarell alikuwa anainuka polepole. Aliwapungia mashabiki mkono wa kushoto, huku wa kulia umening'inia kando yake kama mkono wa mtu mwingine. Marceline alidhani katika watu wote wale ni yeye peke yake aliyekuwa akiutazama mkono ule.

*

Jumapili baada ya ibada Hosea alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alikuwa sebuleni bila tai, miguu juu ya kiti, akirudia picha za mechi kwenye televisheni huku anatafuna karanga za kuchemsha. Marceline alisimama kati yake na picha.

"Bega la Jarell limeumia. Limeumia vibaya. Hawezi hata kuvua fulana."

Hosea alibonyeza kitufe, picha ikasimama. Alimenya karanga nyingine, akaishika bila kuila.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Bega. Kiwiko kinashuka akitaka kurusha. Anasukuma kwa kiuno. Niliona kwenye picha muda kidogo sasa."

Marceline alihisi masikio yanamwaka. "Umeona. Ukanyamaza. Ukamwambia amekuja kutembea."

"Hajaniambia kitu, Marceline! Kila siku namwuliza, 'Uko sawa?' Ananijibu, 'Niko sawa, Kocha.' Nifanye nini, nimwite mwongo mbele ya wenzake?"

"Umwulize hapa! Kama baba yake!"

"Hapa hasemi na mimi."

"Kwa sababu ya mdomo wako!"

Hosea aliitupa karanga kwenye bakuli. "Na wewe umejua tangu lini?"

Marceline aliokota ganda la karanga sakafuni.

"Tangu lini, Marceline?"

"Jumatano."

"Jumatano," alisema Hosea taratibu. "Kwa hiyo jana ulikaa pale jukwaani, ukijua, ukamwangalia akigongwa."

Neno hilo lilimwingia. Lilimwingia kwa kuwa lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilitoka kwa mtu asiye na haki hata kidogo ya kulisema.

"Imebaki mechi moja," Hosea aliendelea, sasa kwa upole, na upole wenyewe ulimchefua. "Tukiwapiga Saint Odile hakuna wa kunigusa. Rais wa chuo mwenyewe amenidokeza. Bega litatibiwa, mabega yanatibika."

"Kama goti lako lilivyotibika?"

Hosea, ambaye tangu aumie goti uwanjani ujanani huteremka ngazi ubavu kama kaa, alishusha miguu kutoka kwenye kiti. Kisha akasema, "Aniambie kwa mdomo wake kwamba anaumwa. Nitamtoa papo hapo. Naapa."

"Unajua hatakwambia."

"Basi atacheza."

Marceline alimkuta Jarell uani, amelala kwenye kiti kirefu, barafu imefungwa begani kwa taulo la jikoni. "Baba yako anajua," alimwambia. "Amejua siku nyingi."

Jarell aliinuka, akakaa wima. "Amesema nisicheze?"

"Hapana."

Kijana alifikiri kidogo, kisha uso ukamfunguka polepole, akatabasamu. "Kwa hiyo anataka nicheze," alisema. "Ananihitaji."

Alilisema kama mtu aliyepewa zawadi. Katika mambo yote ya msimu ule, hakuna lililomkasirisha Marceline kama tabasamu lile.

*

Jumatatu mzee Cleophus alifika posta na boksi la pipi za karanga alizotengeneza mkewe. "Mwambie Kocha aendelee kurusha!" alisema. "Nilisema mimi tangu mwanzo!" Marceline alizipokea, akashukuru, na saa ya chakula ilipofika alifunga dirisha, akatembea hadi chuoni.

Neomi Fontenot alikuwa akifunga bandeji kifundo cha mguu cha kijana mmoja. Alipomwona mke wa kocha amesimama mlangoni hajaweka hata mkoba chini, alimtoa yule kijana, akafunga mlango.

"Bi Marceline, kabla hujasema," alisema, "ujue mimi nikishasikia siwezi kujifanya sikusikia. Hata Kocha akija hapa kunibembeleza. Kwa hiyo kama ulitaka tuzungumze tu hali ya hewa, tuzungumze hali ya hewa."

Marceline alielewa kwamba msichana huyu naye alikuwa ameshahisi jambo, na naye alikuwa akisubiri mtu mwingine alitamke. Nyumba nzima na nusu ya chuo, kila mmoja anamngojea mwenzake.

"Mkono wa kulia wa mwanangu hauinuki," alisema. "Mwite, uuinue mwenyewe uone."

Kabla ya jioni Jarell alikuwa ametolewa kwenye timu kwa msimu uliobaki, maana yake mechi moja.

Alirudi nyumbani kufungasha. Alifungasha kwa mkono mmoja, akikataa kusaidiwa, soksi zikimwanguka njiani. "Umenivua nguo mbele za watu," alimwambia mama yake. "Hukuniuliza. Ulikwenda tu."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema hapana!"

"Ndiyo maana."

"Lilikuwa bega langu, Mama! Langu!" Akaenda kukaa na rafiki yake bwenini, zipu ya begi ikiwa wazi kwa kuwa haikuwezekana kuifunga kwa mkono mmoja.

Hosea hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alikula alichopikiwa, akaosha sahani yake, akasema "asante" na "usiku mwema" kama mpangaji.

Mamba waliwakabili Saint Odile mvua ikinyesha. Toussaint alitapika kama ilivyotarajiwa, akaingia, akapambana kama mtoto anayepambana na watu wazima, na kufikia mapumziko watu walikuwa wanashika miavuli yao na kuondoka. Marceline alikaa mpaka mwisho, Mamba wakapigwa tena. Mji ulikuwa umeshajua habari nzima. Belle Pointe haihitaji posta kwa mambo kama hayo. Yule mwanaume wa safu za juu hakumpigia kocha kelele safari hii.

"Muulizeni mama yake!" alisema. "Tumeuzwa kutoka ndani ya nyumba ya Kocha mwenyewe!"

Marceline aligeuka, akasimama, akamtazama mpaka akashusha macho kwenye bia yake. Nyuma yake Dada Earline alikuwa amesogea viti viwili kando, anatafuta kitu ndani ya mkoba, akitafuta kwa bidii.

Jumanne Hosea aliambiwa na wakuu wa chuo kwamba hahitajiki tena. Walimwambia kwenye maegesho, injini ya gari lao ikiunguruma. Jumatano asubuhi mtu alikuwa amechomeka kibao cha "Nyumba Inauzwa" kwenye majani ya mbele ya nyumba yao, kama kuwaambia wahame mji. Marceline alikinyofoa, akakitupa kwenye pipa, akaenda kazini. Foleni yote ilikuwa dirisha la mwenzake. Ilifika hadi mlangoni, na mbele ya dirisha la Marceline hapakuwa na mtu.

"Hapa pako wazi," alisema.

Mzee Cleophus alisoma tangazo la ukutani kuhusu mbwa wakali, akalisoma tena.

*

Daktari aliyemfanyia Jarell upasuaji kule Lafayette alikuwa mtu wa maneno machache. Marceline alimngoja ukumbini na swali moja tu. Hosea naye alikuwepo, amekaa viti vitatu kando yake, kofia magotini.

"Daktari, kama angecheza ile mechi ya mwisho, ingekuwaje?"

Daktari alikuna shingo. "Mshipa ulikuwa umeshachanika zamani. Pengine ungekatika kabisa. Pengine ungebaki vilevile. Siwezi kukwambia."

Marceline alitikisa kichwa kushukuru. Hata jibu la uhakika hakupewa. Alikuwa amepoteza kazi ya mumewe, mazungumzo ya mwanawe na heshima ya mji mzima, na jibu lililokuja ni pengine. Alitazama upande wa Hosea, akitegemea kuona uso wa mtu anayesema si nilikwambia. Hosea alikuwa ameinamia kofia yake, anaizungusha, anaizungusha.

Jarell alirudi nyumbani kwa sababu bwenini hapakuwa na mtu wa kumfunga viatu. Hakusema amesamehe. Alikaa kitandani, akanyoosha miguu, na Marceline akafunga kamba, na wote wawili wakatazama kamba. Hosea alikuwa akipiga simu kwa shule za sekondari za wilaya jirani kuulizia kazi, sauti yake ikitoka nyembamba chumbani, sauti ya mtu anayejieleza kwa vijana aliowafundisha mwenyewe, ambao sasa ndio wakubwa huko.

Ijumaa Marceline alikuwa jikoni anakaanga kambare. Dirisha la barazani lilikuwa wazi ili moshi utoke. Alisikia kiti kikiburutwa, halafu kingine. Kisha akamsikia Jarell.

"Hata hakuniuliza, Baba."

Alisema Baba. Marceline alishika mwiko bila kugeuza samaki.

"Wewe afadhali," Hosea alijibu. "Mimi nimeoana naye. Unadhani mimi aliniuliza? Mama yako akishavaa viatu, jambo limekwisha."

"Alinikatia fulana kwa mkasi. Ile nyeupe ya timu."

"Ile nyeupe? Fulana nzuri kama ile?"

"Yote. Mpaka chini."

Hosea alicheka kidogo puani. Jarell akacheka, akasema "aah, bega," akaendelea kucheka. Kisha Hosea akasema kitu kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayetafuta maneno gizani. Marceline alisikia "nilipaswa," alisikia "mimi," na mengine hakuyapata kwa sababu ya mlio wa mafuta.

Alikuwa na mengi ya kuwaambia wale wawili. Alikuwa nayo tayari, yamepangwa, kuanzia Septemba mpaka siku ile, na mlango wa baraza ulikuwa hatua chache tu. Alifuta mkono kwenye aproni. Halafu akapunguza moto chini ya kikaango, ukawa mdogo kabisa, mafuta yakanyamaza, akasogea dirishani ili asikie vizuri.